Papa alianguka upande wa nani

Héritière, uko?

Papa yangu amevunjika muguu. Niko naye hapa ku hopitali. Sina hata machozi.

Unajua ile shimo ya mutaa wetu wa Himbi, pale avenue yetu inaingia mu barabara kubwa. Tchukudu yake, ile ya mbao ya kusukumia mizigo, iliingia mule na mifuko yote ya makala.

Nafika mbio, nakuta wakubwa wawili wa serikali wamesimama juu yake. Mumoja wa barabara za taifa, mungine wa njia ndogo za mitaa, za commune. Walikuja kupima shimo, eti wajue ni ya nani.

Papa yuko chini. Wananiuliza: "Mama, gurudumu iliingilia upande gani?"

Upande gani! Papa yuko chini, Héritière!

Ule wa taifa anasema shimo inaanzia ku avenue, basi commune itengeneze. Ule wa commune anasema maji ya barabara kubwa njo iliichimba.

Halafu wakaona mawe. Yale ya volkano, yenye Papa na majirani waliweka kuziba shimo siku ya salongo, ile kazi ya watu wote. Mvua ilibeba mingi, yalibakia machache. Hapo njo walisikilizana mara moja: "Nani aliwapa ruhusa ya kugusa njia ya serikali? Mutoshe, muondoe yote!"

Nikainama, nikatosha. Miye. Papa analia nyuma yangu, miye natosha mawe: "Ndiyo, chef. Ndiyo, chef."

Kisha majirani wakamubeba.

Tangu pale Papa anaangalia tu mikono yangu. Iko nyeusi na vumbi ya yale mawe mpaka sasa.