Kitenge cha Mama Mahakamani

Sagesse, kesi ya Mama imekwisha sasa hivi!

Unakumbuka ile kampuni ya maegesho ya magari hapa mtaani Kings Heath iliyomshtaki Mama, eti hakulipa? Mama kashikilia kwamba mashine ya kulipia ilikuwa mbovu. Hakimu akataka ushahidi.

Mama akatoa picha aliyomtumia bibi kule Bukavu siku ileile alipoegesha gari. Yuko kwenye maegesho, mkono kiunoni, anaringia kitenge kipya! Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama Immaculée, hapa niangalie nini?"

"Kitenge, Mheshimiwa. Mashine iko nyuma."

NYUMA, Sagesse! Na kweli, juu ya bega lake mashine imebandikwa karatasi: HAIFANYI KAZI.

Hakimu akatupilia mbali madai yote. Sasa niko mlangoni namsubiri Mama, anamwonyesha wakili wa kampuni picha nyingine kumi na moja.