Machozi Haya Si ya Mama Yako

Nyandira, Mgeta
4 Machi 2024

Mwanangu Witness,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Kazi ya duka la dawa inakwendaje hapo mjini? Mimi ni mzima kuanzia shingoni kushuka chini. Juu ya hapo ndiyo taabu. Macho yanachoma kama nimerushiwa mchanga, halafu yanamwaga maji. Simu siwezi hata kuitazama, ndiyo maana nampa Frank wa gari la mboga barua hii.

Jana kanisani nilisoma somo la kwanza, Amri Kumi. Nilipofika "Usiibe" machozi yalikuwa yananitiririka, na kanisa zima linalia nami. Kinamama wanasema, "Severini bado anamlilia marehemu Josephina wake." Wananiletea maboga, njegere, juzi kuku mzima. Nitumie dawa, lakini isiwe kali sana. Kuku mwenyewe anataga.

Baba yako,
Severini

Kilakala, Morogoro
12 Machi 2024

Baba mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Sisi huku wazima, ila joto.

Nimemuuliza daktari wa macho. Anasema huenda una ugonjwa wa macho makavu. Usicheke. Jicho likikauka linaumia, na likiumia linamwaga machozi mepesi yasiyolainisha kitu. Ushuke akupime. Kwa sasa nakutumia dawa ya matone, na vidonge vya mafuta ya mbegu za kitani. Vidonge ni vya KUMEZA, baada ya chakula. Visiingie jichoni. Daktari anasema kuna wanaosaidika navyo na kuna wasiosaidika, na vinataka miezi. Kila jioni weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya macho, na ukae mbali na moshi.

Baba, hata mimi nilidhani ni mama. Krismasi nilipokuona unalia mezani nilijisemea, angalau tuko wawili.

Mwanao,
Witness

Nyandira
20 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku baridi imeshuka, lakini afya ipo.

Kidonge cha kwanza nilikitafuna. Ni vanishi ya milango ile, usinidanganye. Vingine nameza. Daktari alinipima, akasema ni ukavu kweli. Sijui ni vidonge, matone au kitambaa, lakini macho yametulia. Jumapili nilisoma mpaka mwisho bila kupangusa uso. Tulipotoka, Mzee Tomasi akanishika mkono. "Severini, umeshamsahau?" Maboga yamekoma siku hiyohiyo.

Sasa kuna jambo. Yuliana, yule mjane wa ng'ambo ya mto anayelima kabichi, amekuwa akija jioni tunakaa, tunalia pamoja. Tumekubaliana tuoane. Lakini tangu nikauke ananitazama usoni kama mtu aliyepoteza funguo. Niache vidonge? Nijibu haraka.

Baba yako,
Severini

Nyandira
1 Septemba 2024

Witness mwanangu,

U mzima? Frank anarudi mikono mitupu kila wiki. Nilimuuliza kama umehama, akasema yupo, anauza dawa, hasemi.

Alhamisi ilikuwa misa ya kumbukumbu ya mama yako. Nilikuwekea nafasi kwenye benchi. Watu wote walinitazama mimi badala ya altare, na jicho halikutoa hata tone.

Sikiliza. Mama yako nilimlilia. Nilimlilia shambani, kwenye matuta ya karoti, asubuhi kabla ukungu haujapanda. Hakuna aliyeniona. Hata wewe nilikuficha. Yale ya kanisani yalikuwa ya upepo na moshi.

Nilimpelekea Yuliana pakiti ya vidonge, nikamweleza yote. Alicheka hadi akakalia kabichi zake. Halafu akaniambia:
"Severini, mimi sikufuata machozi yako. Nilikuja kulia yangu. Nyumbani nikilia watoto wanaogopa. Sasa nitalia na nani?"
Nikamwambia, "Lia tu. Mimi sasa naona vizuri, nitakuangalia."
Akalia. Baadaye akauliza, "Na mwanao anasemaje?"
Ndipo nikaja kuchukua kalamu.

Baba yako,
Severini

Kilakala
8 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, nisamehe kwa ukimya.

Barua ya Juni niliisoma mara moja nikaisukumia chini ya godoro. Si ndoa iliyoniuma. Niliona ni mimi niliyenunua dawa, nikaifunga vizuri kwenye mfuko, nikampa Frank, ikaenda kummaliza mama kabisa. Alhamisi ile nilifungua duka kama kawaida. Mteja aliomba panadol nikampa dawa ya minyoo.

Leo nimesoma habari ya matuta ya karoti nikalia kaunta nzima ikalowa. Bosi akasema nimeze vile vidonge vyako.

Jumamosi nakuja na gari la Frank. Endelea na dawa.

Kwa Yuliana nilianza kuandika "Shikamoo Mama Yuliana", nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Mwambie hivi tu: shikamoo, mama.

Mwanenu,
Witness