Zabibu Zimeiva Huku Mapera

Mjukuu wangu Agnesta,

Marahaba, mama. Hapa kijijini Mapera hatujambo, na mjomba wako amepata mtoto wa kike.

Unaniuliza kutoka Dodoma, ambako jua linaunguza zabibu zenu, kama mzabibu unaweza kuzaa huku kwetu milimani. Ngoja nikusimulie.

Nilipokuwa msichana, sista mmoja wa parokia alipanda mzabibu nyuma ya jiko. Kila mwaka ulitoa vishada vigumu vya kijani, na baridi ikavikuta havijaiva, vikaoza. Alipoamua kuung'oa, nilimwomba matawi mawili, nikayafunga kwenye gunia lililoloweshwa, nikashuka nayo kwa miguu hadi Mbamba Bay, kwenye joto la ziwani, kwa shangazi. Baada ya miaka mitatu shangazi akaniita: "Njoo uonje!" Zabibu nyeusi, tamu ajabu! Nikaelewa kwamba mzabibu ule haukuwa na kosa lolote, ulikosa joto tu.

Sasa sikia, mama! Baridi ya huku imepungua, kwa hiyo nilipandisha tawi kutoka kwa shangazi, nikalipanda karibu na dirisha langu. Mwaka huu zimeiva! Nimepiga vigelegele mpaka majirani wamekuja mbio.

Lakini joto hilohilo linanyausha mikahawa yetu ya bondeni. Babu yako, ambaye hajawahi kuruhusu mtu aguse kahawa yake, alikula kishada kizima, kisha akaniambia: "Mwandikie aje. Ile sehemu ya bondeni, achague yeye cha kupanda."

Ni mimi bibi yako,
Ana