Makofi ya Mkutano wa Stendi

Nasma, kesho shuleni siendi.

Leo kulikuwa na mkutano wa mtaa, ule wa stendi mpya ya mabasi hapa Kasulu nilikohamia juzi. Nasimama tu niongee, wazee wakapiga makofi taratibu. Nikajua wamenikubali. Kichwa kikavimba.

Nikasema ile bustani ya miti inayozunguka stendi ifyekwe yote, mabasi yapate pa kugeuzia. Wazee wakatazamana.

Nakaa, jirani yangu Valeria akaninong'oneza: "Mwalimu, sisi Waha tunasalimia kwa makofi. Walikuwa wanasubiri uwaitikie."

Walikuwa wananisalimia, Nasma. Wananisalimia, mimi najibu fyekeni miti.

Wakati wa kutoka, mzee aliyeipanda miti yenyewe akanipigia makofi tena, taratibu vilevile. Nikapiga na mimi, macho chini.