Limi Ametajwa Bungeni

Vio, pokea simu basi! Haya, nakuandikia.

Mama Limi, yule tunayesaga naye mawe ya dhahabu kule karashani. Si unajua Limi wake mwenye ugonjwa wa sikoseli tumemzika Jumamosi? Leo bado tuko matangani, Boaz, mdogo wake Mama Limi, akafungulia Bunge kwenye simu. Mbunge wetu kasimama, anapinga kufutwa kwa ruzuku ya kaya maskini na matibabu ya bure. Hayo hayo yaliyoanza kukatika huku tangu masika.

Tukawa tunamshangilia. Mara akasema, "Mheshimiwa Spika, jimboni kwangu kuna mtoto anaitwa Limi. Mkifuta hii, mtoto huyu atakufa!"

ATAKUFA, Vio. Jamani, ATAKUFA. Kumbe hakuna aliyempa taarifa.

Kule wanagonga meza. Huku kila mtu anaangalia mkeka. Boaz akaidaka simu aizime.

Mama Limi akamshika mkono. Mtu ambaye tangu mazikoni hata uji kakataa. Akasema polepole, kama anaogopa kumwamsha mtu:

"Iache, Boaz. Huko Dodoma mwanangu bado mzima."