Naogopa Kumwita Mwanangu

Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
Chumba cha Nne.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Goti linaendeleaje, na ile baridi imepungua? Sisi huku tunapumua, ingawa roho ziko juu. Mume wangu, mwanao huyo, hajambo na kazi ya gereji bado anayo. Mama mkwe anauliza kama bado unagombana na majirani.

Mjukuu wako ana miezi tisa na meno mawili, na yote mawili ameshayajaribu begani kwangu. Lile jina la marehemu mama yako, ulilonifundisha kwa simu mpaka nikalipata, lilisumbua watu mwanzoni. Muuguzi wa kliniki akifika kwenye kadi yetu hukohoa kwanza, kisha huita, "Yule mwenye jina refu." Sisi tunalivuta katikati kama ulivyotaka. Mtaani wanalikata upesi upesi, utadhani wamechelewa kazini.

Baadaye likapendwa. Mtoto alipopona ile homa yake ya kwanza, watu walisema jina lina nguvu. Jirani yetu fundi cherehani, ambaye kati yake na sisi kuna ukuta wa mbao tu, akajifungua na kumpa binti yake jina hilohilo. Wengine wawili wa mtaa wa nyuma wakafuata. Nilivimba kichwa, Shangazi, nikawa natembea kama mwenye kiwanda cha majina.

Jumanne nilikuwa natoka kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Nilipoingia koridoni nikasikia mtu analia huku akilitaja jina la mwanangu. Nikashika ukuta. Halafu nikasikiliza vizuri: halikuvutwa, lilikatwa upesi. Hakuwa wangu. Nikasema "Ahsante Mungu" kwa sauti, na papo hapo mlango wa fundi ukafunguka, nikamwona amembeba mtoto wake aliyekwishakata roho. Ilikuwa nimonia. Sijui kama alinisikia.

Tangu siku hiyo wale mama wawili wa mtaa wa nyuma wamewabadilishia binti zao majina, wakisema hilo linaita kifo. Mume wangu anamwita wetu Kadogo. Mama mkwe anasema tusubiri neno lako. Na tangu juzi mtoto ana joto. Daktari amesema ni meno tu, lakini kila akikohoa naweka sikio kifuani kwake. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo sikufichi: naogopa kumwita mwanangu. Naogopa kwa ajili yake, na naogopa ule ukuta wa mbao. Hata hapa sithubutu kuliandika.

Jana asubuhi nilikaa kuandika barua hii ili nikuombe ruhusa tulibadili. Fundi akabisha hodi. Nilidhani amekuja kunilaumu kwa ile ahsante yangu. Alisimama mlangoni, akamtazama mtoto, akaniuliza mbona siku hizi hasikii nikimwita. Nikamwambia naogopa.

"Mwite, dada," akasema. "Na wewe ukilinyamazia, la mwanangu nitalisikia wapi tena?"

Nikamwita. Kwa sauti ndogo. Mtoto akageuka akacheka, na fundi akakaa palepale kizingitini akalia, nami nikakaa naye.

Leo nimemwita tena, kwa nguvu, ili upande wa pili wasikie. Hofu haijanitoka, na joto la mtoto halijashuka. Ile ruhusa siiombi tena, Shangazi. Ila ukipiga magoti kumwombea, na goti lako hilo bovu, usimtaje kama Kadogo. Mtaje kwa jina lake lote.

Nisalimie mjomba, na binamu zangu wote, hata yule Mchelewaji. Mungu akuzungushie ulinzi wake, na kidogo autume na huku.

Ni mimi nikupendaye,
Mke wa mwanao