Kitenge cha Mahafali

Tunduma, Jumapili

Kaka Ezron,

Shikamoo. Vumbi la malori limezidi huku, ila kikohozi changu kimepungua. Kahawa ya hapo Isansa imeanza kuiva?

Ile ada uliyonitumia niliibadilisha kuwa kwacha za Zambia pale mpakani. Wenzangu chuoni walisema kwacha ikipanda nitapata ada na hela ya kula. Ikashuka. Nikangoja ipande, ikashuka tena. Jumatatu msimamizi akanitoa kwenye chumba cha mtihani kwa kuwa sijalipa ada. Sasa nauza nyanya upande wa Zambia.

Juzi mama alinipigia kwa furaha, amenunua kitenge cha mahafali yangu. Nikamshukuru tu. Kaka, mwambie asikipeleke kwa fundi. Kama hakijakatwa, dukani watakipokea.

Mdogo wako,
Atupele